Kalenda ya M'Cheyne: ramani nzuri, mzigo kwa aliyepoa

Mchungaji Robert Murray M'Cheyne aliitunga kalenda hii ya kusoma Biblia mwaka 1842 kwa ajili ya ushirika wake wa Dundee, Uskoti. Leo inapatikana bure. Ukiichapa stesheneri yoyote hapa Mwanza, inaingia kwenye karatasi moja ya A4 pande mbili na kukunjika vizuri ndani ya Biblia.

Kila siku ina sura 4 kutoka sehemu 4 tofauti, kila sehemu na safu yake. Januari 1 ni Mwanzo 1, Mathayo 1, Ezra 1 na Matendo 1. Mbili za kwanza ni za kusoma na familia, mbili za mwisho ni za faragha. Mwaka ukiisha umemaliza Agano la Kale mara moja, Agano Jipya na Zaburi mara 2. Wakatoliki wajue mapema kwamba vile vitabu 7 vya ziada, kama Tobiti na Yudithi, havimo.

Tunaipenda kwa sababu haimwachi mtu aishi kwa Zaburi ya 23 peke yake. Mboga ya aina moja kila siku huua hamu ya kula, na kwa Neno ni vivyo hivyo.

Tatizo lake ni muda. Sura 4 ni wastani wa aya 100 hivi, karibu dakika 20 ukisoma kwa sauti. Mama anayewahi dagaa mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki la ufukweni, akiwa na dakika 25 tu alfajiri atazimaliza karibu zote kwenye kusoma, kisha atafunga Biblia na kuondoka. Hapo ndipo hamu ya Mungu inaponyauka, maana hukua pale neno ulilosoma linaporudi mdomoni kama sala. M'Cheyne mwenyewe aliliona hilo. Alionya juu ya hatari nne: kusoma kwa mazoea, kujihesabia haki, kusoma juu juu, na nira nzito isiyobebeka. Kama nakala yako haina maonyo hayo, yaandike kwa kalamu juu ya karatasi.

Ushauri wetu ni kuigawa. Mwaka huu chukua safu 2 za kwanza, mwaka ujao 2 zilizobaki. Dakika 10 zinatosha kusoma. Kisha rudi kwenye aya 3 hadi 5 tu, uzisome kwa sauti, polepole, mara 3. Kuna neno litakalokushika. Usilichambue kwanza, mwambie Mungu kuhusu neno hilo, uombe, ushukuru au utubu. Baada ya hapo kaa kimya dakika 5. Wengi hukatisha hapa, kwa sababu ukimya unaonekana kama kupoteza muda. Simu iwe mbali, au kama ndiyo Biblia yako, zima data kabla ya kufungua.

Ukikosa siku 4 una deni la sura 16. Usililipe! Nenda kwenye tarehe ya leo. Anayelipa deni Jumamosi jioni husoma kama anayekimbizwa, na wiki inayofuata haigusi karatasi kabisa.

Wavuvi wa dagaa wana ratiba nyingine. Wanafanya kazi usiku wa giza kwa taa, wanapumzika mbalamwezi ikiwaka. Kwao kalenda ya siku zinazolingana haifai: siku za giza wasome zaburi moja fupi wakitoka ziwani, sura ndefu ziwekwe siku za mbalamwezi.

Kalenda haisemi lolote kuhusu siku ambayo moyo ni mkavu, na huo ndio upungufu wake mkubwa. Usisubiri hamu ije ndipo uombe; omba hamu yenyewe. Mtakatifu Agostino, akifafanua Zaburi ya 38, alifundisha kwamba hamu yako ndiyo sala yako, kwa hiyo hata huzuni ya kutotamani ni mwanzo. Aliyeimba katika Zaburi ya 42 "Kama ayala aioneavyo shauku mito ya maji" anasema aya chache tu mbele kwamba machozi yamekuwa chakula chake. Ukavu ukidumu, kufunga chakula cha mchana mara moja kwa wiki kunasaidia kuliko kuongeza sura. Mwenye vidonda vya tumbo au anayemeza dawa na chakula aache runinga au simu badala yake.

Tunaipa nyota 3 kati ya 5. Kwa familia inayosoma pamoja jioni tungetoa 4, maana safu mbili za kwanza ziliandaliwa kwa ajili yao. Aliyeokoka juzi aiache kwanza. Aanze na Marko, sura moja kwa siku, siku 16, kwa kufuata zile hatua za polepole.