Apu ya kufuatilia dawa ya mtoto mwenye ADHD (shida ya kukosa umakini na utulivu): nimeitumia wiki 6, naipa nyota 3 kati ya 5

Wazazi wenzangu, hii apu ninayo tangu mwanangu wa miaka 8 aanzishiwe methilfenideti, dawa ya ADHD, na naandika kwa sababu kabla sijaipakua nilitafuta maoni ya mzazi aliyeitumia kweli nikakosa.

Kilichonikamata ni kwamba inarekodi saa kwa saa. Unaandika kidonge kamezwa saa ngapi, halafu kila ukiona kitu unabonyeza tu, katulia, kagoma kula, analalamika kichwa, kachelewa kulala. Mimi nilishakata tamaa na ile dawa jamani, maana kila jioni ni vita, analia kwa kitu kidogo, anarusha madaftari, na jioni ndo muda pekee ninaokaa naye. Nilipofungua siku 10 kwa mpigo nikaona vurugu zote zimerundikana kuanzia saa 10 hadi saa 12 jioni. Sasa kidonge chake ni kile cha muda mfupi, kinashika kama masaa 3 au 4, na cha pili anameza saa 6 mchana, hesabu mwenyewe. Kumbe dawa ilikuwa inafanya kazi, mimi nilikuwa namwona inapoisha mwilini! Dokta alivyoiona ile chati hakuniuliza maswali mengi, akambadilishia ya kumeza mara moja asubuhi inayoachia dawa polepole. Na usijiongezee dozi mwenyewe eti umeona chati, mpelekee yeye.

Kilichoniudhi ni ule muhtasari wa siku. Asubuhi nampa alama 8, jioni 2, apu inaniambia siku ilikuwa 5, sasa hiyo 5 ni ya nini wakati mtoto hakuwa 5 hata saa moja? Mimi siuangalii kabisa, naenda moja kwa moja kwenye masaa. Pia kuna sehemu ya kilo lakini ya urefu hakuna, na hizi dawa zinakata hamu ya kula, vyote viwili vinatakiwa kupimwa.

Kubwa zaidi, mwalimu hana pa kuandika. Yeye ndo anamwona dawa ikiwa imeshika! Ikabidi tutumie fomu za Vanderbilt za karatasi, zile za kupima dalili za ADHD, ya mwalimu ina maswali 43 ya kujaza kabla ya kuanza dawa, kila tabia inapewa 0 mpaka 3, halafu kuna ile fupi ya kufuatilia baadaye, na hiyo ina na madhara ya dawa humohumo.

Kama wako anatumia atomoksetini, dawa nyingine ya ADHD, haya mambo ya saa kwa saa hayatakusaidia sana, ile inachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, bora uandike kwa wiki.

Mimi naendelea nayo. Mwalimu kakubali kunitumia meseji ya mistari miwili kila Ijumaa, naibandika kwenye noti za siku ile.