Majarida ya Peanuts ya Dell na Gold Key: uzoefu wangu wa kuyakusanya

Aliyenifungua macho ni namba 4. Nilikuwa na majarida machache ya Peanuts yaliyotolewa na Dell, nikaona tangazo la "Peanuts namba 4", bei yake haitishi, nikalipa bila kuuliza swali hata moja. Kifurushi kilipofika, jaladani palikuwa na nembo ya Gold Key, mchapishaji mwingine kabisa. Nilitaka kumlaumu muuzaji, nikashindwa, maana alichokiandika kilikuwa kweli tupu. Kumbe namba 4 ziko mbili.

Peanuts ni ile katuni ya gazetini ya Charles M. Schulz, ya Charlie Brown na mbwa wake Snoopy. Ilianza tarehe 2 Oktoba 1950 katika magazeti saba ya Marekani, na ya mwisho ilitoka tarehe 13 Februari 2000, Schulz akiwa amefariki usiku wa kuamkia siku hiyo. Ninachokusanya mimi si vile vitabu vinavyorudia katuni za gazetini. Hivyo viko vingi na kuvipata si kazi. Nazungumzia majarida membamba ya rangi, yenye hadithi zilizotungwa kwa ajili ya majarida hayo tu, ambazo hazikuwahi kutoka gazetini. Mashabiki wengi wa Snoopy niliowaonyesha hawakujua kama yapo.

Hesabu yake ndiyo inayochanganya, kwa hiyo ielewe kabla hujatoa pesa. Dell ilikuwa na mfululizo ulioitwa Four Color, ambao toleo hili lingeweza kuwa la Donald Duck na linalofuata la mhusika mwingine kabisa. Peanuts ilipewa nafasi tatu humo: namba 878 mwaka 1958, kisha 969 na 1015 mwaka 1959. Ilipopata jarida lake yenyewe mwaka 1960, zile tatu zikahesabiwa kuwa za kwanza, na jarida likaanzia namba 4 hadi 13 mwaka 1962. Baadaye kampuni ya Western, iliyokuwa ikiiandalia Dell majarida yake, iliachana nayo na kuanzisha Gold Key. Gold Key ikaanza kuhesabu upya, 1 hadi 4, mwaka 1963 na 1964. Jumla ni matoleo 17. Ukimwona mtu anatafuta Peanuts ya Dell namba 2, mhurumie. Na usiamini jalada peke yake. Fungua ukurasa wa kwanza usome yale maandishi madogo ya chini, hapo ndipo jina la mchapishaji na mwaka vilipo.

Sasa yaliyomo. Schulz alijulikana kwa jambo moja: gazetini hakumpa mtu kalamu yake. Katuni zaidi ya 17,800, mistari na herufi, zote mkono wake. Lakini kwenye majarida haya aliachia. Kurasa chache alizichora mwenyewe, nyingine zote zikachorwa na wasaidizi: kwanza Jim Sasseville, aliyefahamiana naye tangu walipofanya kazi pamoja katika shule ya uchoraji kwa njia ya posta kule Minneapolis, kisha Dale Hale, kisha Tony Pocrnick. Majina yao hayakuandikwa kwenye jalada. Kwangu hapo ndipo utamu wa kukusanya ulipo. Unakaa na majarida mawili mezani, unaangalia duara la kichwa cha Charlie Brown, unaangalia masikio ya Snoopy, unajiuliza huu ni mkono wa nani.

Sasseville ndiye ninayempenda. Mstari wake unatembea, na anaonekana kuelewa kwamba watoto hawa huchekesha wakiwa hawafanyi kitu. Tatizo ni kwamba jarida linataka kurasa. Gazetini Schulz alikuwa na visanduku vinne, vitatu vya kupanda na kimoja cha kukuangusha, basi, umemaliza. Hapa hadithi inakwenda kurasa kadhaa, na lazima pawe na tukio, pawe na mbio, pawe na kitu kilichopotea. Gazetini nyuma ya wahusika unaona ukuta na majani machache. Humu kuna vyumba, samani, uzio, mtaa mzima. Mwanzoni vilinikera, nikavizoea, na sasa navipenda kuliko nilivyotarajia. Hata hivyo sitakudanganya: matoleo ya mwishoni yamenichosha. Mstari umekakamaa, na Lucy anapiga kelele kurasa mbili kwa jambo ambalo Schulz angelimaliza kwa kisanduku kimoja.

Kama unampenda Woodstock, yule ndege mdogo rafiki wa Snoopy, hayumo. Peppermint Patty aliingia gazetini mwaka 1966, Franklin mwaka 1968, na yule ndege hakupata jina hadi 1970, wakati Gold Key ilishamaliza mwaka 1964. Hata Snoopy rubani wa kivita hutamwona humu. Utakaokutana nao ni Charlie Brown, Lucy, Linus, Schroeder, na wale wa zamani kama Patty (si Peppermint Patty) na Violet ambao baadaye walisukumwa pembeni. Kwa upande wangu hilo ni faida.

Kuhusu hali ya majarida yenyewe: yalichapwa kwenye karatasi ya aina ya gazeti, yakauzwa kwa senti chache kwa watoto, na watoto wakafanya kazi yao. Majina kwa kalamu, selotepu mgongoni, pini zenye kutu iliyotafuna karatasi. Kilichoniuma zaidi ni toleo ambalo muuzaji mmoja alilieleza kuwa "kamili, limechakaa kidogo". Jalada lilikuwa zuri kweli. Nikasoma hadi katikati, ghafla Linus yuko ndani ya hadithi nyingine. Karatasi ya katikati ilikuwa imechomoka, na karatasi hiyo moja ni kurasa nne. Nilirudishiwa nusu ya pesa baada ya barua nyingi. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni moja: umehesabu kurasa? Ndani ziwe 32, jalada halihesabiwi. Muuzaji akijibu kwa kusifia rangi za jalada, naondoka.

Kuna wanaonunua yaliyopimwa, yakapewa alama kati ya 10, yakafungwa ndani ya sanduku gumu la plastiki. Siwezi. Jarida la watoto usiloweza kulifungua ni picha ya jalada tu. Yangu mengi yangepata alama 3 au 4 na nimeridhika nayo. Nayaweka kwenye mifuko ya polipropilini yenye kadibodi isiyo na asidi nyuma, yamesimama, mbali na jua. Ile plastiki laini inayonuka usiitumie kabisa, inaganda na wino.

Siri moja nitaitoa, ingawa najiongezea washindani. Hadithi fupi za Peanuts zilipachikwa pia ndani ya majarida ya Dell ya Nancy na Tip Top. Jaladani unamwona Nancy na Sluggo, watoto wa katuni ya Ernie Bushmiller, na wauzaji wengi huyapanga kwa jina la Nancy bila kufungua ndani. Nimepata kurasa nzuri sana humo kwa bei ndogo kuliko jarida lolote lenye sura ya Snoopy juu.

Usipotaka kusumbuka na karatasi kuukuu, mwaka 2018 kulitoka kitabu cha mkusanyiko kiitwacho Peanuts Dell Archive. Ningekushauri uanze nacho hata kama unapanga kukusanya. Nilianza kinyume chake, nikalipa pesa nyingi kwa matoleo ambayo ningeyasoma kwanza nisingeyahangaikia.

Ninayoitafuta bado ni 878. Wiki hii imetokea moja ambayo bei yake naiweza, muuzaji mkweli, kurasa amezihesabu bila kuombwa. Kasoro ni kwamba kuponi ya tangazo imekatwa kwa mkasi, na mtoto aliyeikata nadhani alikuwa na haraka. Nimemwomba muuzaji apige picha upande wa pili wa karatasi hiyo, nione kuponi iliondoka na nini.