HydroMoth kwenye kelele za ujenzi baharini: mwulize saa, usimwulize desibeli

HydroMoth ya Open Acoustic Devices ni kinasa sauti kidogo cha chini ya maji, na bei yake nafuu ndiyo inayowavuta watafiti. Kwa anayefuatilia upigiliaji wa nguzo za mitambo ya upepo baharini, tunaipendekeza kujua nyundo ilianza lini, ilipiga kwa muda gani, na kama pomboo waliendelea kulia au walinyamaza. Kupima ukubwa wa kelele, hapana.

Sababu iko ndani ya kasha. Hakuna haidrofoni, yaani maikrofoni ya majini, inayogusa maji. Kuna maikrofoni ya hewani, na sauti huifikia baada ya kupenya plastiki na hewa. Kasha hutetemeka zaidi kwenye masafa fulani ya sauti, hivyo namba unazosoma zimechanganyika na mlio wa kasha lenyewe. Ujerumani imeweka kikomo cha desibeli 160 za nishati ya pigo moja, umbali wa mita 750 kutoka kwenye nguzo. Penye kikomo namna hiyo, kukosea desibeli chache ni kutoa hukumu isiyo ya haki. Tumia haidrofoni yenye cheti cha usahihi na ufuate ISO 18406, kiwango cha kimataifa cha kupima kelele za upigiliaji wa nguzo majini.

Inaponasa, inanasa kweli. Kiwango cha sampuli, yaani mara ngapi sauti hupimwa kwa sekunde, hufika kilohezi 384, na unakihitaji kwa milio ya kutafutia njia ya pomboo, ambayo hupita kilohezi 100. Ila kadi hujaa haraka: takriban GB 66 kwa siku, wakati kwa kilohezi 48 ni kama GB 8 tu. Nyundo nishati yake kubwa iko chini ya kilohezi 2, kwa hiyo funga vinasa viwili: kimoja kilohezi 48 mfululizo, kingine kilohezi 384 dakika moja katika kila kumi. Kabla ya kuvizamisha, vigonganishe mara tatu, na tena vikitolewa. Saa zao huachana, na migongano hiyo ndiyo itakayozioanisha.

Karibu na nyundo weka ukuzaji wa sauti chini kabisa. Ukiona vilele vya mawimbi vimekatwa bapa, faili hilo halitengenezeki.

Kasha linahimili mita 60. Futa mpira wa kuziba na uukague kwenye mwanga: unywele mmoja au chembe ya mchanga inatosha kuingiza maji. Lina hewa, litaelea, kwa hiyo lifungie uzito, lakini kwa kamba, kamwe si kwa mnyororo. Chuma kikigongana hutoa mlio mfupi ambao programu ya kuhesabu mapigo huudhania nyundo. Ukishaharibikiwa hivyo, angalia mwendo: nyundo hupiga kwa vipindi sawa, mara nyingi kila sekunde moja au mbili, mnyororo hufuata mawimbi.