TAHADHARI: Gari halichemshi mbele ya muuzaji, linasubiri lifike kwako

Jamani, naandika huku nina hasira, kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka. Mnaonijua mnajua ni gari gani, lile zee nililonunua, lile lile nililowachosha nalo masikio. Ndilo hilo. Hedi yake (kile kifuniko cha juu cha injini) iko mezani kwa fundi, imepinda, na huyu bwana aliyeniuzia gari, simu yangu hapokei tena.

Siku ya kuliangalia nilikuta linaunguruma, boneti iko juu. "Nimelipasha kidogo bosi, usije ukapoteza muda wako." Nikaona huyu mstaarabu. Akaniambia sitaki uniamini mimi, amini macho yako. Akachukua kitambaa, akafungua mfuniko wa rejeta mbele yangu, injini ikiwa inanguruma! Maji ya kijani, masafi, yamejaa hadi juu, yametulia tuli. Hakuna povu, hakuna hata tone lililoruka. Akasema weka kidole. Nikaweka. Vuguvugu. "Umeona? Gari zee, lakini maji yake unaweza kumwogeshea mtoto." Tukacheka wote wawili. Kicheko kile ndicho kinachoniuma kuliko kitu chochote.

Tukaingia barabarani. Barabara kachagua yeye, imenyooka, haina foleni wala mlima. Mshale wa joto haukufika hata nusu. Njiani akaanza kunihesabia ubovu mwenyewe, bila kuulizwa: kioo cha nyuma hakishuki, breki pedi zinakaribia kwisha, shokapu moja inavuja. Sasa niambieni, tapeli gani anakutajia kasoro za mali anayoiuza? Dipstiki nilichomoa, oili ilikuwa safi. Chini nilichungulia, pakavu. Moshi niliangalia, hamna. Kila ambacho mtu hukagua nilikagua, na kila kitu kilinijibu vizuri kwa sababu huyu bwana alikuwa amekifundisha cha kujibu.

Likanichemkia kwenye foleni, nyuma nimempakia mama mkwe. Kwanza harufu fulani tamu tamu, nikadhani ni ya nje. Mara injini ikawa nzito, ukikanyaga mafuta inagonga, halafu mvuke ukatoka pembeni ya boneti na gari likazima katikati ya watu. Honi kila upande. Mama mkwe anateremka na kanga yake anauliza, "Baba, linaungua?" Na mshale, wallahi, bado uko chini ya nusu! Wanaosema nilikuwa naendesha bila kuangalia dashibodi waniache. Niliangalia. Ilikuwa inanidanganya.

Alichokikuta fundi kimenikata maini. Thamostati haipo, imetolewa, kimebaki kikombe chake kitupu. Hiyo ndiyo hubana maji mpaka injini ipate moto, na kwenye magari mengi hufunguka kati ya nyuzi 82 na 90 hivi, ndipo maji yaende kwenye rejeta. Ukiitoa, maji yanazunguka tangu unapowasha, na injini inachelewa sana kupata moto wake. Feni nayo imeungwa moja kwa moja, ukizungusha ufunguo tu inapuliza. Ndiyo maana ya lile vuguvugu. Injini iliyopata moto sawasawa, yenye mfumo mzima, haifunguliwi mfuniko hivi hivi, maji yangeruka na kumbabua uso. Na tafadhali msiende kujaribu mkidhani ni kipimo, mvuke ule unaunguza vibaya sana.

Halafu mfuniko wenyewe: mpira wake wa ndani umekatwa. Mfuniko mzima hubana presha, mara nyingi karibu bar 1, na kwa presha hiyo hata maji matupu hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 120. Bila presha yanachemkia 100. Sasa kwa nini aukate? Fundi anasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, ilishaanza kupitisha, na presha ya silinda ikiingia kwenye maji mipira ya rejeta inakakamaa kama jiwe, mnunuzi akiishika anashtuka. Kwa hiyo akaupa mfumo pa kupumulia. Palipokuwa panavuja akamwagia dawa ya kuziba. Dawa ikashika kwa muda, lakini haichagui tundu, ikaziba na vijia vya rejeta. Humo ndani limetoka tope la kahawia. Na kwenye waya wa sensa ya joto tumekuta kirizista, kidude cha kupunguza umeme, kimefichwa ndani ya selotepu nyeusi, kazi yake kuushusha mshale.

Hiyo rizista ndiyo inayoninyima usingizi. Dawa ya kuziba mtu anaweza kusema alishauriwa vibaya. Thamostati mafundi wengi wa mtaani huitoa, tena wanaona ni msaada (siyo msaada, acheni). Lakini rizista huwezi kuiweka kwa bahati mbaya! Umekaa, umepima waya, umekata, umelehemu, umefunga, huku unajua kuna mtu atakaa nyuma ya usukani ule na familia yake akiamini mshale. Huyo siyo mfanyabiashara. Huyo afungwe, na akitoka asiruhusiwe kuuza hata baiskeli. Nimeshapeleka taarifa polisi, na waya ule nimeuhifadhi ulivyo. Nataka arudishe yote, pamoja na ya kulivuta, na asimame mbele ya mama mkwe aeleze lile neno la kumwogeshea mtoto.

Mnaotaka kununua gari zee: mkatalieni akilipasha. Mwambie azime, urudi likiwa baridi kabisa, ufungue mfuniko mwenyewe na uutazame mpira wake. Liwashe wewe. Feni ikianza kupuliza papo hapo kwa injini baridi, uliza, maana feni ya umeme hungoja joto, labda umewasha AC. Liache lisimame likiunguruma muda mrefu, siyo kuzunguka tu. Mpira wa juu wa rejeta ushike kwa tahadhari, unatakiwa ubaki baridi kisha ushike moto kwa ghafla thamostati inapofunguka. Ukikakamaa dakika za mwanzo tu, gasketi hiyo. Mapovu yasiyoisha kwenye maji, hivyo hivyo. Kuna kipimo cha maji ya bluu kinachowekwa mdomoni mwa rejeta, gesi ya injini ikiwemo yanageuka njano, fundi mwenye nacho mlipe aje nacho. Na kikompyuta cha kusoma injini, kama gari linakubali, mara nyingi kinaonyesha joto lenyewe kwa tarakimu, siyo mshale. Mengine nimesahau, kichwa kimejaa huyu mtu.

Maana ujumbe wake wa mwisho kabla hajaninyamazia ulisema gari alilikabidhi zima na mimi ndiye nimeliua kwa kulikimbiza. Kwenye foleni! Nililikimbiza wapi?