Bendi ya kukodi kwa send-off: Malaika waliupiga inavyotakiwa

Hawa jamaa niliwachukua kwa send-off ya mdogo wangu hapa Dar Jumamosi iliyopita. Watu sita: gita la solo, rithimu, besi, kinanda, tumba na binti mmoja wa kuimba, laki sita kwa saa tatu. Nawapa nyota nne, na tatu kati ya hizo ni za wimbo mmoja tu, Malaika.

Malaika nani asiyeujua? Kila harusi unapigwa, watu wanakumbatiana wanayumba, ila maneno hatusikilizi. Yule kijana anamlilia mtu anayempenda na kumuoa hawezi, anasema wazi "nashindwa na mali sina we". Ni wimbo wa mahari huo jamani! Toka Fadhili William aurekodi Kenya miaka ya 60, Miriam Makeba akautembeza duniani, mpaka Boney M wakauimba mwaka 1981, kilio cha mtu aliyekosa ndoa kisa hana kitu, sisi tunakatia keki.

Sasa hawa walipofika pale kwenye mali, kinanda kikaacha, tumba zikanyamaza, ikabaki solo ya yule mzee mpigaji na sauti yake, akaurudia ule mstari mara tatu taratibu huku kaangalia meza ya wazee. Ukumbi kimya, unasikia vijiko tu. Na kwenye meza ile ndio walikaa baba zetu wadogo waliosimamisha posa miezi miwili eti mahari haijatimia, mdogo wangu analia chumbani, mama anampigia mshenga saa sita usiku. MC akataka kudandia maiki, mzee akamwonyesha kiganja, subiri.

Mimi wimbo huu nina donge nao siku zote, msichana anaitwa malaika, anaitwa kidege, lakini neno lake hata moja hulisikii, kama ambavyo mdogo wangu hakuulizwa chochote kwenye vikao vyote vile. Basi yule binti akachukua ubeti wa mwisho akaugeuza, akaimba yeye ndiye anayempenda kijana, "nami ningeolewa nawe". Nywele zilinisimama. Shangazi alikuwa wa kwanza kunyanyuka kwenda kumtunza, noti ya elfu kumi kaibandika kwenye paji la uso, wanawake wa meza yetu wote nyuma yake.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haijalipwa, ila kwenye vikao vyetu nani aliwahi kuisoma? Baba mdogo mmoja alinifuata parking akaniuliza ule ubeti wa binti wameutunga wao.

Nyota moja nimewakata kwa kuchelewa, saa moja na nusu nzima, na spika za mwanzo zilipiga kelele mpaka watoto wakaziba masikio. Ukiwachukua ongea na MC wako mapema asiwakatishe, na Malaika usiombe upigwe wakati wa chakula, sauti yao itamezwa na kelele za sahani.