Fundi aliyenikerezea mtutu safi, kisha skrubu moja ikaharibu kila kitu

Asiye na muda asome hapa tu. Kazi ya mtutu: nyota tano. Kazi ya kufunga reli ya darubini (kile chuma cha juu ya bunduki kinachobeba darubini): sitoi nyota hata moja. Majibu aliyonipa nilipolalamika: sijui niyapime kwa nini. Ukiniuliza leo kama umpelekee bunduki yako ya kwanza ya kuagiza, ya kupigia shabaha za mbali, nitakwambia usimpelekee. Nikitulia huwa nalegeza kidogo, lakini leo sijatulia.

Vipimo vya kaliba na uzito wa risasi sivirudii, vimejaa kila mahali. Nilichukua kaliba ya 6.5 Creedmoor kwa sababu zile zile za wengi: risasi ndefu, nyembamba, inayokata upepo vizuri, na teke lake begani ni dogo kuliko la .308 Winchester. Mtutu inchi 26, msokoto wa 1 kwa 8 (mifereji ya ndani inazunguka mara moja kila inchi 8), aksheni ya mtindo wa Remington 700 ili vipuri visinisumbue baadaye, chasisi ya alumini. (Aksheni ni ule mwili wa chuma unaobeba bolti na kushika mtutu; bolti ni kile chuma kinachofunga nyuma ya risasi; chasisi ni kitako kinachobeba vyote.) Kwenye hayo hakuna la kubishania sana. Watu wanamaliza miezi wakibishana kaliba, na kitakachowaliza kiko chini ya darubini, kwenye vipande vya chuma ambavyo hakuna anayeviuliza.

Nianze na haki yake, maana anayo. Chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ameikata vizuri mno. Geji ni vipande vya chuma vya kupimia kina cha chemba: bolti ilifunga juu ya geji ya kupita bila kulazimishwa, na juu ya geji ya kutopita ikakataa katakata, na tofauti ya geji hizo ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Mdomo wa mtutu niliupitishia kijiti cha pamba kutoka ndani kuja nje, pande zote. Hakuna hata unyuzi ulionaswa, maana yake hakuna kijichuma kilichobaki ukingoni cha kuisukuma risasi kando inapotoka. Karatasi ilipita kati ya mtutu na chasisi hadi kwenye aksheni bila kukwama, yaani chasisi haiugusi mtutu. Darubini imesimama wima: niliweka pimamaji juu ya reli, nikaning'iniza timazi mbali kidogo, nikaangalia mstari wa wima wa darubini ukifuata uzi wa timazi juu hadi chini. Hilo si jambo dogo. Ukiwa umepandisha darubini miliradiani 10 (miliradiani moja ni sentimita 10 kwa mita 100) kwa shabaha ya mita 1,000, mlalo wa digrii moja tu unakupeleka sentimita 17 kando, na utamlaumu upepo mpaka uzeeke.

Kwa hiyo huyu si fundi wa kubahatisha, na ndiyo maana nina hasira.

Siku ya kwanza uwanjani, mita 100, risasi tano zilikaa ndani ya sentimita moja na nusu. Nikafurahi. Tano zilizofuata, kundi dogo vile vile, lakini limehama: juu na kulia, karibu sentimita tatu. Tano nyingine, limerudi. Nyingine, mbili huku na tatu kule. Naomba anayepanga bunduki yake ya kwanza aliangalie hilo kwa makini, kwa sababu namna matundu yanavyokaa inasema mengi. Kundi likipanuka taratibu na kuwa kubwa, mshuku mpigaji, risasi, au mtutu. Kundi likibaki dogo lakini linarukaruka kati ya sehemu mbili, mara nyingi kuna kitu kimelegea na kina mahali pawili pa kukaa. Sentimita tatu kwa mita 100 ni miliradiani 0.3. Kwa mita 600 ni sentimita 18. Hapo hakuna shabaha tena.

Nikampigia simu. Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno: "Kaka, bunduki yangu haina shida. Shida ni mpigaji. Mkianza mnakuwaga hivyo." Nikamweleza kuhusu kundi kuruka. Akasema mtutu mpya unahitaji kuzoea, nipige risasi mia kwanza ndipo tuongee. Akakata.

Sasa tuliseme sawasawa. Ni kweli mtutu mpya huongeza kasi kidogo katika risasi mia au mia mbili za mwanzo. Lakini kasi ikiongezeka inagusa urefu ambao risasi inagonga. Hailisogezi kundi kulia kisha ikalirudisha kushoto ndani ya saa moja. Na mkao mbaya unaweza kuhamisha kundi, nakubali, ndiyo maana nilimpa bunduki mwenzangu aliyezoea mashindano. Kwake pia likaruka. Fundi anayejua kukereza chuma kwa vipimo vile anajua haya yote. Alichagua kunitupia mimi kwa kuwa ni bunduki yangu ya kwanza.

Basi nikatafuta mwenyewe, na utaratibu naueleza ili mwingine asichome risasi 140 kama zilizochomeka hapa. Mtutu wa 6.5 Creedmoor unakupa ubora wa mashindano kwa risasi elfu mbili hadi tatu hivi, basi. Hizo 140 hazirudi. (Kabla ya yote: toa bolti, tazama chemba kwa macho, weka risasi chumba kingine. Kila mara, hata kama umetoka kuangalia dakika moja iliyopita.)

Kwanza nilibadilisha risasi, nikatumia boksi la toleo jingine. Bado. Pili, skrubu mbili zinazoshika aksheni kwenye chasisi: nilizilegeza, nikaisukuma aksheni nyuma ikae, nikakaza upya kwa Nm 7.3 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), nusunusu, mbele na nyuma kwa zamu. Bado. Tatu, niliitoa darubini pamoja na pete zake zinazoishika kwenye reli, bila kuzifungua, nikaihamishia kwenye bunduki nyingine inayoaminika. Risasi ishirini, zote palepale. Hatua hii ndiyo iliyoniokoa muda. Darubini ni nzima, pete ni nzima, mtutu unapiga makundi madogo. Kilichobaki katikati ni reli na skrubu zake nne.

Ukiishika reli kwa mkono huhisi kitu. Imetulia, imepakwa hata mistari ya rangi kuonyesha skrubu hazijazunguka. Nikachukua kipande cha karatasi ya risiti, ile nyembamba, nikajaribu kukipitisha chini ya ncha ya mbele ya reli. Kikapita. Kikaenda mpaka kwenye skrubu ya kwanza.

Nikaifungua ile skrubu. Ncha yake ilikuwa inang'aa, imesagika, ina alama ya nyuzi za kitu kingine. Ilikuwa inagota kwenye mtutu.

Kwenye aksheni za mtindo huu, tundu la mbele kabisa la reli liko juu ya pale mtutu unapoingia na kujifunga kwa nyuzi zake. Tundu limetobolewa mpaka ndani. Skrubu ikizidi urefu, ncha inakita kwenye nyuzi za mtutu kabla kichwa hakijaibana reli. Ya pili yake inatokea karibu na masikio ya bolti, yale yanayoifungia ndani ya aksheni, na hiyo ikizidi utaijua haraka, bolti itakuwa ngumu kufunga au utaona mkwaruzo. Ya mbele kabisa haikwambii kitu. Ndiyo maana skrubu za reli hazipaswi kuwa na urefu mmoja, na yeye alifunga zote nne zinazolingana, kutoka mfuko mmoja.

Na hapa ndipo panaponiumiza zaidi. Alitumia bisibisi ya toki, ile unayoipangia nguvu ya kukaza ikalia ikifika. Nilimwona. Aliiweka kwenye Nm 2.2, kiasi kinachofaa kwa skrubu ndogo kama zile, ikalia "tik", akapaka rangi, akaridhika. Lakini bisibisi ya toki inapima ugumu wa kuzunguka tu. Haijui kama ugumu huo umetokana na kichwa kinachobana reli au ncha iliyokita kwenye chuma. Kwa hiyo kila kitu kilisomeka sawa, na reli ilikuwa imeshikwa nyuma tu. Mbele inaelea kwa unene wa karatasi, inainuka na kukaa kila teke linapopita.

Kipimo cha kuligundua hakichukui hata dakika tano. Toa reli. Funga skrubu peke yake kwenye tundu lake, kwa vidole, taratibu mpaka igote, usiilazimishe. Pima sehemu iliyobaki nje chini ya kichwa. Kisha pima unene wa reli pale kichwa kinapokaa. Skrubu iliyobaki nje ikiwa ndefu kuliko unene wa reli, haitabana kamwe. Iwe fupi kwa angalau nusu milimita. Skrubu za 6-48 zina nyuzi 48 kwa inchi, yaani mzunguko mmoja ni kama milimita 0.53, kwa hiyo mzunguko mmoja wa ziada ndiyo tofauti yote tunayozungumzia. Yangu ilizidi kwa karibu milimita moja. Mizunguko miwili.

Niliisaga kwa tupa laini, nikaivunja makali nchani ili isiharibu nyuzi za aksheni, nikajaribu tena. Usikate bila kupima, kwa sababu skrubu fupi mno inashika nyuzi chache na siku moja itazing'oa, na hapo gharama si ya skrubu tena. Nilipoifungua reli niliangalia pia kama inakaa sawa: nikafunga skrubu mbili za nyuma tu na kutazama mbele. Ikiinuka, ujue daraja la mbele na la nyuma la aksheni hayalingani, na reli inahitaji kulazwa kwenye gundi ya epoksi upande ulioinuka, si kuvutwa chini kwa skrubu mpaka ipinde. Yangu haikuinuka. Nikafuta mafuta yote kwa spiriti, tone dogo la gundi ya skrubu, Nm 2.2, darubini juu, pete kwenye reli Nm 6.

Risasi thelathini, makundi sita. Yote yamerundikana mahali pamoja. Sijagusa kitasa cha darubini tangu siku hiyo isipokuwa kwa kubadilisha umbali.

Nilipofika hapa nikataka kumwongezea nyota, kusema kweli. Bunduki inapiga vizuri kuliko nilivyotegemea, na hiyo ni kazi ya mikono yake. Mtutu mbovu hauokolewi na tupa. Wako mafundi watakaokufungia reli vizuri juu ya chemba iliyopinda, na huyo utampeleka wapi? Nikaandika nyota tatu.

Kisha nikakumbuka "mkianza mnakuwaga hivyo", nikarudisha moja.

Kukosea skrubu kunasameheka, kila fundi amewahi kukosea skrubu. Lakini kumwambia mteja kwamba kosa ni bega lake, bila kuomba hata picha ya shabaha, bila kusema "ilete niiangalie"? Mtu mwingine angeamini. Angechoma mtutu wote akitafuta kosa kwenye pumzi yake na kidole chake, au angeuza darubini nzima akidhani imevunjika ndani. Nawajua waliouza.

Kama bado unataka kumpa kazi, mpe aksheni na mtutu tu. Akereze, afunge, akuonyeshe geji mbele yako, achukue haki yake. Reli mwambie aiache, hata akisema ni bure, kwake bure ndiyo iliyoniponza. Unapoagiza reli, uliza skrubu zake zina urefu gani na ipi ni ya tundu lipi. Muuzaji anayejua atakutajia ya mbele bila kusita. Bisibisi ya toki nunua ya kwako, iingize kwenye bajeti tangu mwanzo kabla hujafikiria kifyatulio cha bei. Na usiruhusu mtu yeyote kupaka mstari wa rangi juu ya skrubu ambayo hukuona ikipimwa urefu.

Ile skrubu niliipiga picha kwa karibu kabla ya kuisaga, ncha ikiwa bado inang'aa, na kando yake nikaweka rula. Nilimtumia pamoja na picha ya karatasi ikiwa imepita chini ya reli. Sikuandika neno la ukali, niliandika tu "Fundi, tatizo lilikuwa hili." Tiki mbili za bluu zimewaka siku ile ile. Wiki kadhaa sasa, hajajibu.