Uzoefu wangu na Watermark ya Enya: miezi minane ya kuisikiliza usiku

Nimeisikiliza Watermark, albamu ya mwanamuziki Enya wa Ayalandi, karibu kila usiku kwa miezi minane, na naamini nimeizoea kiasi cha kuweza kumweleza mtu mwingine atakachokipata ndani yake na asichopaswa kukitarajia. Mimi ni mhariri wa vitabu vya shule. Kutwa nzima nasoma maneno ya watu wengine, natafuta kiambishi kilichokosewa na sentensi iliyopinda, na jioni maneno hayo hunifuata hadi kitandani. Mama yetu alipofariki mwaka jana hali ikawa nzito zaidi: baada ya arobaini ndugu walirudi makwao, chumba chake kikafungwa, na mimi nikawa nakesha nikisikia muziki wa baa ya jirani na pikipiki zinazopita barabarani, huku nikiyarudia moyoni mazungumzo yetu ya mwisho hospitalini. Mdogo wangu, ambaye ni muuguzi huko Dublin, ndiye aliyenishauri niitafute albamu hii. Aliniambia kwamba yeye huisikiliza ndani ya basi anapotoka zamu ya usiku, na kwamba akifika kwake huwa ameshaiacha wodi nyuma.

Nakala yangu ya kwanza niliinunua katika duka moja hapa Dar es Salaam, ikiwa imewekwa kwenye flashi pamoja na nyimbo nyingine chungu nzima, na nusura inikatishe tamaa. Nyimbo zilikuwa zimepangwa kwa alfabeti. Kwa hiyo kilichonipokea ni "Cursum Perficio", wimbo wa Kilatini wenye sauti nyingi nzito zinazosonga mbele kama msafara unaoingia kanisani, ilhali kipande kifupi cha piano kiitwacho "Watermark", ambacho ndicho mlango wa albamu nzima, kilikuwa kimetupwa mwisho kabisa. Nilivumilia siku tatu, kisha nikamwambia mdogo wangu kwamba muziki wake unanitia hofu. Aliposikia mpangilio niliokuwa nao alielewa mara moja, akanitumia CD halisi kwa mkono wa jamaa aliyekuwa anakuja likizo. Katika CD hiyo piano hutangulia peke yake kwa muda wa dakika mbili na ushei, bila mwimbaji, polepole, mpaka masikio yakatulia. Ndipo Kilatini kile kinapoingia, na safari hii hakitishi, kwa sababu msikilizaji ameshakaribishwa na kuketishwa. Anayetaka kuijua albamu hii aisikilize kwa mpangilio wake wa asili, nyimbo 11 kwa yapata dakika 40, na asiruhusu simu imchanganyie.

Enya alizaliwa mwaka 1961 huko Gweedore, katika kaunti ya Donegal kaskazini-magharibi mwa Ayalandi, sehemu ambako Kiayalandi bado ni lugha ya nyumbani, na jina lake kwa lugha hiyo ni Eithne Ní Bhraonáin. Mwaka 1980 alijiunga na Clannad, kundi la ndugu zake, akaliacha mwaka 1982 na kuanza kufanya kazi na watu wawili ambao bila wao albamu hii isingekuwapo: Nicky Ryan, mtayarishaji, na mkewe Roma Ryan, anayeandika maneno ya nyimbo. Watermark ilitoka mwaka 1988, na wimbo wake "Orinoco Flow" ulikaa wiki tatu katika nafasi ya kwanza nchini Uingereza. Watu wengi huufahamu wimbo huo hata kama hawamjui mwimbaji. Kwa kuwa jina lake ni la mto mkubwa wa Venezuela, nilidhani unahusu mto, kumbe unaikumbuka pia studio ya Orinoco ya London ambako albamu ilirekodiwa.

Sasa nije kwenye kile kinachoifanya albamu hii itulize, maana muziki wa kutuliza upo mwingi na mwingi wake hauna kitu ndani. Mtu akiisikia Watermark kwa mara ya kwanza atadhani anasikia kwaya ya wanawake thelathini au hamsini katika jengo lenye dari refu. Hakuna kwaya. Ni Enya mwenyewe, ambaye hurekodi mstari uleule mara kwa mara, tena na tena, kisha Nicky Ryan akazipanga sauti hizo tabaka juu ya tabaka hadi zikawa umati. Nilipolijua hilo nilianza kusikiliza kwa namna nyingine. Katika kwaya ya kawaida, hata iliyofundishwa vizuri, sikio hugundua tofauti ndogo ndogo: huyu ana kifua kizito, yule anachelewa kidogo, mwingine anataka asikike. Hapa hakuna anayeshindana na mwenzake. Pumzi ni moja, matamshi ni yaleyale, na tofauti zinazobaki ni zile chache ambazo mtu huwa nazo na nafsi yake mwenyewe, saa hii na saa ile. Kwa mtu aliyezoea kusikia mwitikio wa kasida au kibwagizo cha kwaya, ni jambo la ajabu na la kupendeza kusikia mtu mmoja akijiitikia, na nafikiri chanzo kikubwa cha utulivu wa albamu hii ni hicho, kuliko hata ule mwendo wake wa taratibu ambao kila mtu huutaja kwanza.

Chanzo cha pili kinahusu maneno, na hapa nazungumza kama mtu anayeishi kwa maneno. Nimekulia katika nyumba iliyopenda taarabu. Taarabu humfanya msikilizaji afanye kazi: fumbo limetupwa, lazima ulidake, ujue linamlenga nani, uhifadhi beti ili kesho ujadiliane na wenzako. Naipenda kazi hiyo mpaka leo, lakini si saa saba ya usiku nikiwa nimechoka. Katika Watermark, "Cursum Perficio" ni wa Kilatini, "Storms in Africa" na "Na Laetha Geal M'Óige" ni za Kiayalandi, kuna vipande vya piano visivyoimbwa kabisa, na hata pale Enya anapoimba Kiingereza, sauti zake huyameza maneno kiasi kwamba yanakuwa sehemu ya ala. Akili yangu ya uhariri ikifika hapo haina cha kusahihisha, huzunguka mara mbili tatu ikitafuta kosa, kisha huweka kalamu chini. Sijawahi kupata pumziko la namna hiyo katika muziki wa lugha ninayoielewa vizuri.

Wengine wataniuliza kuhusu "Storms in Africa", na ni haki yao, kwa kuwa jina linatuhusu. Wimbo unaanza chini, kinanda kikipiga kwa kudunda, ngoma ya mkono ikaja, kisha sauti zikaanza kupanda moja baada ya nyingine. Asitarajie mtu kusikia humo midundo ya Wagogo, wala ya Wamakonde, wala ya Mwambao wetu. Hii ni Afrika inayotazamwa kutoka mbali na mtu wa Donegal anayeimba kwa lugha ya kwao. Kwa hilo sikuona kosa, kwa sababu hajidai kutuiga. Alichokipata kwa usahihi ni ujio wa mvua yenyewe. Nimeusikiliza mwezi wa Aprili, katikati ya masika, upepo ukiwa umeanza kubamiza madirisha na matone ya kwanza yakigonga bati moja moja kabla hayajawa mengi, na wimbo ulipanda sambamba na kile nilichokuwa nakisikia juu ya paa. Baadaye Enya alitoa toleo la pili la wimbo huo kwa Kiingereza, nami nimelisikia, lakini nalipendelea lile la Kiayalandi. Ukijua kinachosemwa, mvua inakuwa ndogo.

Wimbo uliochukua muda mrefu zaidi kuingia moyoni ni "Evening Falls...". Hadithi iliyo nyuma yake ni ya mwanamke ambaye kila anapolala huota anaitembelea nyumba fulani, akaipenda, akaizunguka chumba hadi chumba; siku moja akaiona nyumba ileile kwa macho, akabisha hodi, na wenyeji wakamtazama kwa hofu, kwa sababu kivuli ambacho kilikuwa kikiwatembelea usiku kilikuwa ni chake. Kabla ya kuijua hadithi hiyo niliuona kuwa wimbo wa kubembeleza tu. Baada ya kuijua sikuweza kuusikiliza kwa wiki kadhaa, maana mimi nami nilikuwa naota nikiingia katika chumba cha mama na kupanga vitu vyake. Niliporudi kwake, nilikuta kwamba wimbo hauna hofu hata kidogo. Anayeimba ni yule anayetembea usiku, naye ana upendo na nyumba ile. Nililia usiku huo, na kisha nililala mpaka adhana ya alfajiri. Nalieleza hili kwa sababu wanaouza muziki wa aina hii huutangaza kana kwamba ni dawa ya kusahau. Albamu hii imejaa watu walioondoka na wanaosubiriwa: uhamisho katika "Exile", merikebu katika "The Longships", ujana uliopita katika wimbo wa mwisho, na hata yale maneno ya Kilatini, yenye maana ya "naikamilisha safari yangu", ambayo yameandikwa pia kwenye kizingiti cha nyumba ya Los Angeles aliyofia mwigizaji Marilyn Monroe mwaka 1962. Utulivu wake unatokana na kwamba huzuni imepewa mahali pa kukaa, ikaandaliwa kiti, haikufukuzwa.

Kasoro zipo. Baadhi ya sauti za vinanda vya umeme zinaonyesha miaka yake, hasa katika "Orinoco Flow", ambako zile nyuzi zinazodonolewa si nyuzi za kweli, na msikilizaji aliyezoea ala halisi atalitambua hilo mapema. Wimbo huo wenyewe, ingawa ndio uliompa Enya umaarufu, kwangu ndio unaotuliza kidogo kuliko zote. Una haraka ya safari, majina ya nchi na visiwa yanapita mbio, na mara nyingi huniamsha pale ninapoanza kusinzia. Kipande cha piano "Miss Clare Remembers" ni kizuri lakini huisha kabla hakijasema mengi. Pia albamu hii haiwezi kushindana na kelele. Ikiwa spika za baa zimefunguliwa, piano ya mwanzo haisikiki kabisa, na kuongeza sauti kunaiharibu, kwa hiyo nilinunua hedifoni zinazofunika sikio zima. Kwa spika ya simu sauti za chini hupotea, na sauti za chini ndizo zinazozibeba zile tabaka za juu. Anayeisikiliza kwa simu peke yake atasikia ukungu mtamu na atashangaa watu wanasifia nini.

Nimeona pia kwamba maduka huiweka albamu hii katika rafu ya muziki wa New Age, yaani muziki laini wa kutuliza akili, pamoja na rekodi za mawimbi na ndege. Enya mwenyewe hajawahi kulipenda jina hilo kwa muziki wake, nami namuunga mkono. Anayetafuta sauti ya kumlaza tu ataridhika na chochote. Hii inahitaji mtu akae nayo, angalau mara moja, taa ikiwa imezimwa, kuanzia piano hadi wimbo wa 11.

Na ni wimbo huo wa 11, "Na Laetha Geal M'Óige", yaani siku angavu za ujana wangu, ninaotaka kuutaja mwisho. Humo Davy Spillane anapiga zumari ya Kiayalandi, ile ambayo mpigaji haipulizi kwa kinywa bali huijaza hewa kwa mivuo anayoibana kwa kiwiko. Mwezi wa Aprili shangazi yangu alikuja kukaa nami wiki mbili. Ana miaka 74, amekulia Pangani, na hasikilizi muziki wa kizungu. Usiku mmoja umeme ulirudi ghafla na redio ya CD ikaanza yenyewe palipoachwa, karibu na mwisho, tukiwa sote wawili sebuleni tunakunja khanga za mama ili tuzigawe. Nilitaka kuizima. Akanishika mkono, akasikiliza hadi zumari ilipoingia, akaniuliza, "Mwanangu, huyo anayepiga zumari ni mtu wa wapi?" Nikamwambia ni mtu wa Ayalandi, kule aliko mdogo wangu. Hakusema kitu kingine mpaka wimbo ulipokwisha. Kisha akaiweka khanga iliyokunjwa juu ya nyingine na kuniomba niurudishe.